Mwali Amenawiri

Sehemu ya saba

"Kopo la kumi na mbili liko wapi?"

Mmesikia wenyewe. Hapo ndipo mlango ulipotubana Jumamosi iliyopita, na wapo waliolala na swali hilo mdomoni wiki nzima.

Kwa aliyeingia sasa hivi: anayeuliza ni Devotha, mkaguzi wa dawa na vipodozi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Anayeulizwa ni Maryam, mwenye duka la vipodozi karibu na soko la Lushoto. Juu ya kaunta kuna boksi la krimu ya kung'arisha ngozi iliyopigwa marufuku. Boksi ni la dazani. Makopo yaliyomo ni kumi na moja.

Maryam akayahesabu makopo tena kwa macho. 

"Nimekuuliza, dada."

"Lilimwagika."

"Wapi?"

"Hapo chini. Nikapiga deki."

Devotha akaitazama sakafu, kisha akamtazama Maryam kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama sakafu.

Lilipo kopo, mimi na nyinyi tunajua. Wiki tatu nyuma Maryam alilifunga kwenye karatasi ya zawadi, akampelekea mdogo wake Zainabu, ambaye ni mwali. Yupo ndani, kwa shangazi yao Mwanaheri, kitongoji cha juu kupita Lukozi, anasubiri arusi ya Ijumaa. Maryam hakujua kilichomo kwenye krimu ile. Aliona picha ya mwanamke anayemeremeta kama sufuria mpya, akasema, mdogo wangu naye ameremete.

"Sikiliza vizuri," Devotha akasema, akavuta kiti. "Zamani hapa ningekuja na polisi. Ungepanda karandinga, watu wote sokoni wanakutazama, ukasubiri hakimu. Sasa mambo yamelegezwa kwa mwenye kosa la kwanza. Unakiri kwa maandishi, unalipa faini, mzigo unateketezwa, unarudi kwa wanao. Tunaita kufifilisha kosa."

"Mahakamani siendi?"

"Huendi." Akainua kalamu. "Ila ikiwa kuna mtu kalipaka likamdhuru, hakuna kufifilisha. Hapo ni mahakama, na jela ipo palepale, haijahama. Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho. Kuna mtu analo?"

"Mama mkaguzi," akadakia Fahadi, mume wa Maryam, aliyekuwa kasimama mlangoni muda wote. "Ameshasema lilimwagika. Mke wangu si mwongo."

Alidakia upesi mno. Maryam akaona ni mapenzi. Sisi tuache kwanza, tutaona.

Devotha hakumgeukia. "Mle ndani mna zebaki, dada. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kukaa kwenye figo. Mtu haumwi kichwa, haumwi tumbo. Anavimba tu. Asubuhi uso, jioni miguu. Mkojo unatoa povu kama maji ya sabuni. Akiwahiwa, anapona. Asipowahiwa..."

 Akasukuma karatasi.

Maryam akasoma huku herufi zikimcheza. *Nakiri kwamba mali yote iliyokamatwa, na yote iliyokwisha kutoka, ni yangu peke yangu. Hakuna mtu mwingine anayehusika.*

"Saini hapa," Fahadi akasema, kidole chake kikawa kimeshafika penye mstari. "Hapa, mama Rama."

Maryam akawaza: nikisema, jela. Nikinyamaza, nampigia shangazi sasa hivi, kopo linatupwa chooni, yanaisha. Wiki tatu tu. Wiki tatu zitamfanya nini mtoto wa watu mwenye afya yake?

Akasaini.

Fahadi akalipa palepale. Makopo kumi na moja yakaingia kwenye mfuko, na Devotha akaondoka. Robo saa haikufika. Kesi ya kuku huchukua muda mrefu zaidi.

"Umeona?" Fahadi akamshika bega mkewe. "Imekwisha. Sasa usimpigie mtu yeyote kuhusu jambo hili. Mtu yeyote. Mimi nawahi Soni, kuna mzigo wa viazi."

Alipotokomea tu, Maryam akampigia shangazi. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Mwali mwenyewe hana simu. Mwali akiwekwa ndani, simu huwa ya kwanza kuchukuliwa.

Akapiga mara tisa.

Mara ya kumi hakupiga, maana Jenoveva alikuwa ameshajaa mlangoni. Jenoveva ana saluni ya jirani. Ni mtu wa Rangwi, Mkatoliki wa kwaya, na habari ikitoka Mtae asubuhi yeye huwa nayo kabla chai haijapoa.

"Pole, jirani! Nimeliona gari nikasema, leo Maryam wangu kapatikana. Wamekuacha?"

"Faini."

"Faini tu? Basi kaa, nikuchekeshe. Alhamisi nilikuwa gulio la Lukozi, nikakutana na shangazi yako. Akanivuta mkono mpaka kwake. Mimi na rozari yangu shingoni nikaingizwa kwa mwali!"

Maryam akashika kaunta. "Umemwona Zainabu?"

"Nimemwona? Nimemla kwa macho! Mwenzangu, mwali amenawiri. Uso umejaa, mashavu haya! Yule mwembamba tuliyemzoea hayupo. Na miguu sasa, miguu laini kama mkate wa kumimina. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo."

"Kinaacha nini?"

"Shimo! Na shimo linakaa, halirudi upesi. Tulicheka mpaka basi. Kila mwanamke aliyeingia alibonyeza la kwake. Viatu vya arusi havimwingii, shangazi yako anajigamba kitongoji kizima, 'Mwali wangu kala, mwali wangu katunzwa.' Maryam? We Maryam, mbona umekaa chini?"

Maryam alikuwa ameshainuka, yuko barabarani, anaita bodaboda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Mnaifahamu barabara ya Magamba. Msitu unakufunika juu kama kanga iliyolowa, baridi inakutafuta mbavuni, na ukungu ukishuka dereva anaendesha kwa kukumbuka. Maryam hakuiona barabara. Aliona vidole. Vidole vya wanawake wanaocheka, kimoja baada ya kingine, vikizama kwenye mguu wa mdogo wake.

Katikati ya msitu akamgonga dereva mgongoni. "Simama."

Dereva akasimama. "Umesahau kitu, mama?"

Alikuwa hajasahau kitu. Alikuwa amekumbuka wanawe, Rama na mdogo wake, na maneno *jela haijahama*. Akisema ukweli huko juu, karatasi ya asubuhi inageuka kuwa uongo mbele ya serikali. Akirudi sasa, hakuna anayejua. Jenoveva mwenyewe hajui alichokiona.

Nitasema ni malaria, akawaza. Nitamtoa kwa malaria. Daktari atajionea mwenyewe, mimi sitakuwa nimesema kitu.

"Twende," akasema.

Saa tisa kasoro wakafika. Dereva akageuza, akawahi abiria wa kurudi mjini.

Nyumba ya shangazi Mwanaheri ilikuwa imejaa. Wanawake wamekaa uani wanamenya viazi, wengine wanachagua mchele, ngoma inapigwa na mtu asiyejua kupiga, na kicheko kinatoka kila kona. Nyumba ya namna hiyo mimi ningehamia na kitanda changu. Maryam alitamani ardhi immeze.

"Dada wa mwali huyo!" mmoja akapaza. "Kaja mikono mitupu! Tumtoze!"

"Tumtoze! Tumtoze!"

"Shikamoo, shangazi," Maryam akasema, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi?" Mwanaheri akamjulia hali kwa Kisambaa. Alikuwa mwanamke wa kifua mbele, kilemba kimekaa sawasawa. Yeye ndiye somo wa mwali, na kabla ya Zainabu alishawaweka ndani mabinti wengi wa bonde lile.

"Tiwedi, shangazi. Nataka kumwona Zainabu."

"Utamwona na utanishukuru. Njoo uone kazi."

Chumba cha ndani kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa shuka. Harufu ya liwa, harufu ya udi, na chini yake harufu ya krimu ambayo Maryam angeitambua hata akiwa usingizini. Zainabu alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta.

Macho yake yalikuwa mistari miwili.

"Da Maryam," akasema taratibu, kama mtu mwenye ugali mdomoni. "Nimependeza?"

Maryam akapiga magoti. Akaushika mguu wa mdogo wake, akabonyeza juu ya kisigino. Kidole kikazama. Akakitoa. Shimo likabaki. Akahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na tano bado lilikuwa linamtazama.

"Unakojoa?"

"Kidogo. Mkojo una povu."

"Tangu lini?"

"Kama wiki mbili. Shangazi anasema ni uchafu wa utoto unatoka."

"Ndivyo inavyokuwa," Mwanaheri akasema kwa fahari mlangoni. "Wengine hutoka vipele."

"Na usiku siwezi kulala chali, dada. Nikilala pumzi inakata. Nalala nimekaa."

Hapo Maryam akasikia baridi ya Magamba imemfuata mpaka chumbani.

"Shangazi, huyu ana malaria. Twende naye hospitali. Sasa hivi."

"Malaria?" Mwanaheri akacheka. "Malaria tutampa dawa hapahapa. Mwali hatoki, mwanangu. Unataka wale wa upande wa mume waseme mwali wetu kaonekana barabarani siku tano kabla ya arusi? Watasema kaenda kutoa kitu tumboni. Wataleta maneno mpaka wajukuu wayarithi."

"Shangazi, nakuomba."

"Hatoki."

"Shangazi!"

"Nimesema hatoki! Kwa malaria? Mimi niliolewa na malaria, nikacheza ngoma na malaria!"

Nyuma yake wanawake wakaanza kusogea, kisu cha viazi bado mkononi. Mlango ukajaa nyuso. Ngoma ikapungua, ikanyamaza.

Maryam akamtazama mdogo wake. Kifua cha Zainabu kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, kama cha mtu aliyepanda mlima, na hakuwa amepanda chochote zaidi ya mkeka.

"Si malaria," Maryam akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia ili wote wasikie. "Si malaria. Ni ile krimu. Ina sumu. Asubuhi amekuja mkaguzi dukani kwangu, nikaulizwa kopo moja liko wapi, nikasema lilimwagika. Nikasaini uongo nisiende jela. Kopo lenyewe ndilo nililomletea huyu. Hajanenepa, shangazi. Amevimba. Figo zinakufa. Mimi ndiye niliyefanya. Wakinifunga, wanifunge. Lakini atoke leo."

Kuku mmoja uani akakohoa kama mtu. Hakuna aliyecheka.

Mmoja wa wale waliobonyeza akaanza kujifuta kidole kwenye kanga, anafuta, anafuta.

 Mwanaheri akaingia, akachutama, akambonyeza mwali mguuni yeye mwenyewe. Akatazama shimo. Kilemba chake kilikuwa kinatikisika.

"Ulileta kopo moja," akasema hatimaye.

"Moja."

"Na haya?"

Akainua pembe ya mkeka. Makopo manne matupu yakabingirika sakafuni. Picha ni ileile. Mwanamke yuleyule anameremeta mara nne.

Maryam akayatazama kama nyoka. "Haya kaleta nani?"

Zainabu akainamisha kichwa. "Usikasirike, dada. Shemeji alisema nisikwambie. Alisema utamwona mbadhirifu."

"Shemeji yupi?"

"Si huyu Fahadi wako! Alikuwa anapita akija kuchukua kabichi, ananipitishia dirishani kwa nyuma, kafunga na mkate. Akasema yeye anayo maboksi mengi, yamejaa stoo ya viazi kule Soni. Alisema nipake mara mbili, asubuhi na usiku, arusi iko karibu."

Mwenzangu, mimi mwenyewe hapa nimeweka kalamu chini kidogo.

Kidole kile asubuhi. *Saini hapa, mama Rama.* Yote iliyokwisha kutoka ni yangu peke yangu, hakuna mtu mwingine. Maryam hakusaini boksi moja. Alisaini stoo nzima. Mumewe alimlipia faini kama mtu anayelipia nauli ya kumtuma mwenzake kule asikotaka kwenda mwenyewe.

"Alijua?" Maryam akajiuliza kwa sauti. "Alijua kuna sumu?"

Jibu likaja na mlio wa gari uani.

Kilikuwa kirikuu cha Fahadi, kile cha kubebea mboga. Akashuka bila kufunga mlango, akasimama mwisho wa uani, maana mwanaume hapiti zaidi ya hapo nyumba yenye mwali. Suruali imejaa udongo wa viazi mpaka magotini. Jenoveva alikuwa amemwambia Maryam kaelekea wapi. Jenoveva humwambia kila mtu.

"Maryam! Toka nje!"

Akatoka. Wanawake wakatoka nyuma yake.

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Stoo ya Soni ina nini, Fahadi?"

Rangi ikamtoka usoni. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, na hiyo ikamtisha Maryam kuliko makelele.

"Mke wangu. Umesaini. Imekwisha. Tumelipa. Ukimpeleka yule hospitali, daktari atauliza kapaka nini. Atapiga simu. Yule mwanamke wa asubuhi atarudi, safari hii na polisi. Wewe utafungwa kwa karatasi uliyosaini, mimi kwa stoo. Watoto watakula wapi?"

"Atakufa."

"Hafi! Wanapaka wangapi mjini? Umeona jeneza la nani? Aache tu kupaka, anywe maji, Ijumaa atakuwa mzima."

"Ulijua kuna zebaki?"

Fahadi akatazama pembeni. "Niliambiwa ni faini tu," akasema. "Watu wote kwenye biashara hii wanasema hivyo. Ukikamatwa, ni faini tu."

Alikuwa anaogopa, jamani. Nawaambia kweli. Meno yalikuwa yanagongana. Mtu mwovu ukimwona anajigamba unaweza kumkwepa. Huyu alikuwa kama ng'ombe aliyeangukia mtaroni, anapiga mateke kila upande.

"Fahadi, mwanangu."

Shangazi Mwanaheri alikuwa ametokea mlangoni. Amefungua kilemba chake. Mabega ya mwali yalikuwa yamemwegemea, kichwa na uso vimefunikwa kanga mbili, miguu iliyovimba inaburuzwa peku kwenye baraza. Wanawake wakaguna wote kwa pamoja. Mwali, mchana, mbele ya mwanaume.

"Shangazi, wataongea!" mmoja akalia.

"Waongee. Mimi ndiye niliyemfungia ndani nikasema amenawiri. Mimi ndiye nitakayemtoa." Akamgeukia Fahadi. "Washa gari."

"Shangazi, mila..."

"Mila za nyumba hii ninazo mimi. Washa gari."

Fahadi akarudi nyuma hatua moja. Akatazama barabara. Hakukuwa na gari jingine; malori ya mboga yalishashuka tangu adhuhuri. Chini ya uani mlima unateremka matuta kwa matuta mpaka bondeni kusikoonekana.

"Nipe mimi ufunguo," Maryam akasema, akanyoosha mkono. "Usiende. Baki. Nitaendesha mwenyewe, nitasema ni mimi tu. Stoo sitaitaja. Baba Rama, nipe."

Alikuwa anamaanisha. Angekula kifungo chote, cha kwake na cha mumewe, kwa ufunguo ule.

Fahadi akautoa mfukoni. Akautazama kiganjani. Kwa kitambo kidogo Maryam akaamini.

"Daktari atapiga simu," Fahadi akasema, machozi yakimtoka. "Lazima atapiga."

Akageuka, akaurusha.

Ufunguo ukapaa juu ya matuta ya kabichi, ukametameta mara moja, ukamezwa na ukungu. Hawakusikia ulipoangukia.

Na pale barazani, mikononi mwa Mwanaheri, kanga mbili zilizomfunika mwali zikaacha kupanda na kushuka kwa pumzi. Shangazi akapiga ukunga.